Siku ya 85: anayebaki na mtoto hajaambiwa kazi yake

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 iwapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Muda huo unakaribiana na ule ambao mila za huku mlimani zilimpa mzazi tangu zamani, kwani mwanamke wa Kichaga aliyejifungua alikaa ndani kwa takriban miezi mitatu, akipikiwa mtori na kuletewa maziwa, huku kazi za shamba na za ng'ombe zikifanywa na wengine ili yeye abaki na mtoto tu. Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya siku ya 85. Siku hiyo mama huondoka nyumbani saa moja asubuhi akiwa na mkoba wa kazini, na mtoto ambaye bado hajaweza kukaa bila kushikwa hubaki mikononi mwa mtu mwingine hadi jioni. Katika nyumba nyingi za Moshi na Arusha, mtu huyo ni dada wa kazi.

Nimefundisha darasa la kwanza hapa Moshi kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini, kama walivyoamini walimu wengi wa rika langu, kwamba kazi ya kufungua akili ya mtoto huanza siku anapovaa sare na kuingia lango la shule, na kwamba yaliyotangulia ni kula, kulala na kukua mwili tu. Wazazi nao waliamini hivyo hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akinieleza habari za mwanawe alisema, "Mwalimu, dada kazi yake ni kumlisha na kumbadilisha nepi, mengine atayakuta shuleni." Sikumpinga, kwa kuwa sikuwa na sababu ya kumpinga. Leo ninazo, na ndizo zinazonifanya niandike.

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima. Anapotimiza miaka 2 umekwisha kufikia kiasi cha asilimia 80 ya ukubwa wa utu uzima, na akifikisha miaka 5 unakaribia asilimia 90. Ongezeko hilo halitokani na kuzaliwa kwa seli mpya za neva, ambazo kwa mtu mzima hukadiriwa kuwa bilioni 86 na ambazo karibu zote mtoto huja nazo duniani. Linatokana zaidi na seli hizo kutoa matawi, kushikana, na kuvikwa utando wa mafuta unaoziwezesha kupeleka ujumbe kwa kasi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo ya uhai miunganiko mipya zaidi ya milioni 1 hufanyika kila sekunde. Ubongo huunganisha kwa wingi kuliko mahitaji yake, kisha hupunguza: njia inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hunyauka na kuondolewa. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Machame ataelewa upesi, kwa sababu yeye huuacha mkahawa uchipue, kisha huyaondoa machipukizi mengi na kubakiza machache yatakayobeba. Shambani uamuzi wa chipukizi lipi libaki ni wa mkulima. Katika ubongo wa mtoto uamuzi huo hufanywa na yale anayokutana nayo kila siku: sauti anazozisikia, nyuso anazoziona, mikono inayomshika, na kama akilia kuna mtu anayekuja.

Ushahidi wa jambo hili ulianza kupatikana zamani. Katika miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel, watafiti waliokuwa Harvard, walifunga jicho moja la paka wachanga kwa majuma kadhaa. Walipolifungua waligundua kwamba jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini paka hao walikuwa karibu vipofu kwa upande huo, kwa maana ubongo ulikuwa umekwisha kuigawa sehemu ya jicho lile kwa jicho jirani. Paka mkubwa aliyefungwa jicho kwa muda huo huo hakudhurika. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ndiyo iliyowafanya madaktari wa macho wahimize mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji mapema sana, kwani akicheleweshwa kwa miaka, jicho huweza kusafishwa likawa angavu na bado ubongo usijue kulitumia. Sisi wakazi wa Moshi tuna bahati ya kuwa na idara ya macho katika hospitali ya KCMC, na yeyote aonaye weupe katika mboni ya mtoto wake mchanga asisubiri hata juma moja.

Si kila uwezo wa mtoto unategemea muda mfupi na mkali kama ule wa macho. Lakini lugha, utulivu wa moyo na uwezo wa kukaza fikira navyo hujengwa mapema, na chombo kikuu kinachovijenga ni kujibiwa. Neno hili naomba wasomaji wanivumilie nilikalie kwa muda, kwa sababu ndilo kiini cha barua yangu. Mtoto wa miezi minne hutoa sauti, naye mtu aliye karibu humgeukia na kumwitikia; mtoto hutabasamu, mtu naye hutabasamu; mtoto hunyoosha kidole kuelekea kuku aliyepita uani, mtu husema, "Ndiyo, ni kuku, anatafuta punje." Kwa mtazamaji huo ni upuuzi wa kupitisha muda. Kwa ubongo wa mtoto ni mafunzo yenyewe, kwa sababu kila jibu linalokuja kwa wakati hukaza miunganiko iliyotumika kuuliza. Mama na bibi zetu waliyafanya hayo bila kufundishwa na mtu, walipojifunika uso kwa kanga na kuufunua ghafla hadi mtoto akacheka, au walipombeba mgongoni huku wakipukuchua mahindi na kumsimulia kila walichokuwa wakikifanya.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alionyesha katika miaka ya 1970 kinachotokea jibu linapokosekana. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida, kisha akaombwa anyamaze na kuukausha uso kwa dakika chache huku akiendelea kumtazama. Watoto wenye umri wa miezi michache tu walitambua mara moja. Walijaribu kumwita mama kwa tabasamu, kwa sauti, kwa mikono, na walipoona haitikii waligeuza nyuso zao upande mwingine, wengine wakilia. Zilikuwa dakika chache tu, na baadaye mama alirudi kucheza nao, wakatulia. Nikikaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu hapa Pasua, mara nyingi huwaona watu wazima wakiwa wamepakata watoto huku macho yao yakiwa kwenye simu, nyuso zao zimekauka vile vile kama za akina mama wa jaribio lile. Nao si madada peke yao. Ni sisi sote, wazazi na mababu na mabibi.

Baadhi ya wazazi watasema kwamba nyumbani kwao tatizo hilo halipo kwa kuwa wamenunua king'amuzi chenye chaneli za katuni, na mtoto anasikiliza Kiingereza kizuri mchana kutwa. Nawaheshimu kwa nia yao, lakini wanapaswa kujua kazi ya Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle. Mtoto mchanga huweza kutofautisha sauti za lugha nyingi ambazo hajawahi kuzisikia, na uwezo huo hupungua anapokaribia mwaka mmoja, kwa kuwa ubongo unajielekeza kwenye lugha inayomzunguka. Mwaka 2003 Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa watoto wa Kimarekani wenye umri wa miezi 9. Kundi moja lilikaa mara 12 na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina. Kundi jingine lilisikia na kuona watu hao hao na maneno hayo hayo kupitia televisheni. Waliokaa na mtu hai walizishika sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakupata chochote, wakawa sawa na watoto ambao hawakuisikia lugha hiyo kabisa. Televisheni husema lakini haijibu, na mtoto wa umri huo hajifunzi lugha kwa asiyemjibu.

Hapa niingize jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Zipo nyumba mjini mwetu ambamo dada wa kazi ameagizwa asizungumze sana na mtoto kwa kuwa hajui Kiingereza, na Kiswahili chake kinasemekana kuwa "cha kijijini". Ametulia jikoni, katuni zinazungumza sebuleni, na mtoto anakua katikati ya ukimya wa mtu mmoja na kelele za mashine. Nilipokea darasani watoto waliotoka katika nyumba za namna hiyo, nyumba zenye mageti na magari mawili. Walijua kuiga sentensi nzima za Kiingereza za kwenye katuni, lakini ukiwauliza asubuhi wamekula nini walikutazama wakitafuta maneno kwa lugha yoyote ile. Nilipokea pia watoto waliolelewa na bibi zao huko Uru na Old Moshi, wengine wakiwa na viatu vilivyotoboka, ambao wangeweza kukusimulia mwanzo hadi mwisho jinsi ng'ombe alivyozaa usiku na nani aliitwa kusaidia. Sidai kwamba ilikuwa hivyo kwa kila mtoto. Nasema tu kwamba niliona mara nyingi vya kutosha hata nikaanza kuuliza. Dada anayezungumza na mtoto kwa Kipare, Kichaga, Kimeru au kwa Kiswahili chake cha kijijini, mradi anazungumza kwa wingi na kwa furaha, anampa mtoto huyo kitu ambacho hakuna ada ya shule itakayokinunua baadaye kwa urahisi.

Jambo la pili ambalo wazazi hatulipimi ni kubadilisha madada. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kazi yao Bucharest, mji mkuu wa Romania, nchi ambayo iliachiwa na utawala wa rais wake wa zamani, Ceaușescu, maelfu ya watoto katika makao ya serikali ya kulelea watoto. Watoto hao walilishwa, walivishwa, walilala vitandani penye joto. Walichokosa ni mtu wa kwao: mlezi mmoja alihudumia watoto wengi, na walezi walipokezana kwa zamu, hivyo hakuna aliyewajua watoto mmoja mmoja. Watafiti waliwachukua watoto 136 wenye umri kati ya miezi 6 na 31, na kwa njia ya kura nusu yao wakapelekwa kulelewa katika familia. Waliobaki makaoni walionyesha nguvu pungufu ya umeme wa ubongo, uwezo mdogo wa akili, na ugumu wa kufungamana na mtu yeyote. Waliopelekwa katika familia walipata nafuu, na kwa mambo mengi nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 2 hivi.

Nyumba zetu si makao ya Bucharest, na sitaki mtu asome kwamba nimezifananisha. Mtoto wa Moshi ana mama anayerudi jioni na kumpakata, na hilo lina uzito mkubwa. Hata hivyo, mtoto ambaye katika mwaka mmoja amelelewa mchana na madada watatu au wanne, kila mmoja akija na harufu yake, sauti yake na namna yake ya kubembeleza, kisha akitoweka asubuhi moja bila kuaga, amefiwa mara tatu au nne kwa hesabu za umri wake, wala hakuna aliyemwambia pole.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu nimeyatenda. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilirudi darasani likizo ilipokwisha, na katika miaka yake miwili ya mwanzo nilibadilisha madada wanne. Mmoja nilimfukuza kwa kuunguza maharage, mwingine kwa kuchelewa kutoka sokoni Mbuyuni. Mwanangu alichelewa kuzungumza, na kila tulipoitembelea familia aliningʼang'ania nguo asishuke miguuni mwangu. Nilisema ni tabia yake. Wa tano alikuwa binti kutoka Same, ambaye alikaa nasi miaka sita. Alikuwa mzungumzaji, alimsimulia mwanangu kila alichokifanya, kuanzia kuchambua mchele mpaka kuanika nguo, na alipochoka kusimulia aliimba. Miezi michache baadaye mtoto alianza kusema, na alisema mengi. Pengine angesema hata bila yeye, maana watoto hutofautiana. Lakini siku binti yule alipoondoka kwenda kuolewa, mwanangu alilia kwa juma zima, na hapo ndipo nilipofahamu ni nani aliyekuwa amemlea. Nilikuwa nimemlipa mshahara mdogo miaka yote sita, na sikuwahi hata mara moja kumwambia kwamba ile kazi ya kusimulia ilikuwa kubwa kuliko kufua na kupiga deki.

Wapo watakaosema kwamba binti aliyeishia darasa la saba hawezi kujenga akili ya mtoto. Nawapa mfano wa Jamaika. Mnamo mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini ya jiji la Kingston. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kwa saa moja kila juma, kwa muda wa miaka miwili. Waliowatembelea hawakuwa maprofesa wala madaktari, bali wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo mafupi, na vifaa vyao vilikuwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani. Kazi yao ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kumsifu, kumpa jina la kila kitu. Baada ya miaka 20 watafiti waliwatafuta watoto wale, ambao sasa walikuwa watu wazima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia watu wa rika lao ambao hawakudumaa utotoni. Chupa tupu za plastiki na vifuniko vya soda havihitaji shahada. Vinahitaji mtu aliyeelezwa kwa nini anavitumia.

Kuhusu lishe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa imeandikwa sana katika kurasa hizi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015 na 2016. Ubongo unaojengwa hutaka madini ya chuma, madini joto (iodini) na protini, na ndizi peke yake, hata ikiwa ya mlimani kwetu, haitoshi. Anayeamua kama yai lililoachwa mezani limeliwa na mtoto au limekwenda kwingine ni dada yule yule.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao nauona mgumu zaidi, nao ni hofu. Mtoto anapoogopa, mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli, na akija mtu wa kumtuliza homoni hiyo hushuka, naye hujifunza kwamba hofu hupita. Hofu ikiwa ya kila siku na bila wa kumtuliza, kama katika nyumba ya kipigo na makelele, homoni hukaa juu kwa muda mrefu na kudhuru sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na kujizuia. Sasa tufikiri kidogo. Tunamtaka dada awe mtulivu na mpole kwa mtoto wetu, na sisi wenyewe tunamfokea mbele ya mtoto huyo huyo, tunamwamsha saa kumi na moja alfajiri na kumruhusu kulala baada ya saa nne usiku, tunamnyima simu asizungumze na mama yake, na tunamkata mshahara kwa kikombe kilichovunjika. Mtu asiyetulizwa atamtuliza mtu kwa kitu gani? Tena wengi wao ni watoto. Sheria niliyoitaja mwanzoni inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Kukaa peke yake na mtoto mchanga kwa saa kumi na mbili, pamoja na kupika na kufua kwa nyumba nzima, si kazi nyepesi. Ubongo wa msichana wa miaka 15 nao bado unajengwa, naye anahitaji mtu wa kumjibu.

Msomaji mwenye mtoto wa miaka mitano au kumi asikate tamaa kwa niliyoyaandika. Ubongo huendelea kubadilika hata utu uzima, na nimewaona kwa macho yangu watoto waliokuja darasani wakiwa kimya kama mawe, wakafunguka mbele ya mwalimu mvumilivu. Ila kazi huwa kubwa zaidi na hugharimu zaidi, kama ilivyo kwa mti uliokwisha kukomaa, na wengine hawampati mwalimu huyo.

Nchi yetu haijalala katika jambo hili. Mwezi Desemba mwaka 2021 serikali ilizindua Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo imejengwa juu ya nguzo tano zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2018: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Hayo "malezi yenye mwitikio" ndiyo niliyoyaita kujibiwa. Nimefurahi kuona neno hilo limeingia katika lugha ya serikali. Kilichonisikitisha ni kwamba kila mkutano wa malezi niliohudhuria tangu wakati huo, wa kata au wa kanisani, walioketi ni akina mama na akina baba wachache, na ambaye hakuitwa alikuwa amebaki nyumbani na mtoto.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba aitwe. Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wamruhusu dada aingie hadi kwenye mizani, na baada ya kuandika uzito kwenye kadi, wamweleze yeye pamoja na mama namna ya kucheza na mtoto wa umri ule, hata kwa dakika tatu tu. Redio za hapa Moshi na Arusha zitenge nusu saa ya mchana, kati ya saa nane na saa tisa, wakati vyombo vimekwisha kuoshwa na watoto wamelala, wakati ambao madada husikiliza redio kuliko wakati wowote mwingine, na wazungumze nao moja kwa moja, si juu yao. Halmashauri zifikirie akina mama wa masoko ya Mbuyuni, Kiboriloni na Kilombero, ambao hawana likizo ya siku 84 wala dada, na ambao watoto wao hushinda chini ya meza ya nyanya. Chumba kimoja chenye mkeka, maji safi na mlezi aliyefundishwa, kilichosajiliwa kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka, hakizidi uwezo wa soko linalokusanya ushuru kila siku. Waajiri nao watimize lile ambalo sheria tayari inalisema, kwamba mama anayenyonyesha apewe hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili hiyo. Nimewajua walimu wenzangu waliofundisha mpaka maziwa yakalowesha blauzi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba haki hiyo ipo.

Na wazazi tumwambie dada, kwa maneno na kwa mshahara. Tumwonyeshe jioni, kwa kuketi naye sakafuni na mtoto, kile tunachokitaka mchana. Akitaka kuondoka tumwombe aage, amwambie mtoto kwamba anakwenda, hata kama mtoto ana miezi kumi.

Mimi nipo, na nafasi ninayo. Ikiwa kuna kanisa, msikiti au ofisi ya kata hapa Moshi mjini itakayokubali kutoa chumba Jumapili alasiri, ambayo kwa madada wengi ndiyo saa pekee ya kutoka, nitakuja kukaa nao bila malipo, nikiwa na vifuniko vya soda na vitabu vya picha nilivyobaki navyo. Naomba tu wenye nyumba wawaruhusu waje na watoto.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi